Kurejeshwa Porini kwa Mzee Sekivunge

Hapo zamani ambazo si za kale hata kidogo, maana wahusika wake wengine bado wanakula marupurupu, palikuwa na nchi moja tulivu sana. Ilikuwa tulivu kwa sababu Wizara ya Milima, Mabonde na Utulivu iliagiza iwe hivyo. Katika nchi hiyo kulikuwa na kilima kiitwacho Ng'anda, na chini ya kilima hicho, katika nyumba ya bati inayochemka kuanzia asubuhi, alikaa mama mmoja kati ya mama wengi, Nakijwa. Shida yake ilikuwa moja. Mume wake alikuwa amekataa kufa.

Si kwamba Mzee Sekivunge alikuwa mzima. Miguu ilishagoma, kifua kilikoroma, na macho yalibagua mchana na giza tu. Majirani walishakuja kumuaga, wakanywa uji, wakarudi makwao, wakaja tena kumuaga upya. Kila walipomwambia, mzee wetu, pumzika sasa, aliwajibu kwamba hapa hapumziki mtu. Kisha alielekeza kidevu juu, kwenye kilima.

"Kitovu changu kiko kule," alisema. "Mwili ufuate kitovu. Nikizikwa hapa nitakuwa nimezikwa nusu."

Ndivyo ilivyokuwa mila ya watu wa Ng'anda. Mtoto akizaliwa, kitovu kikikauka na kudondoka kilifukiwa chini ya mche, na mtu akifa alizikwa papo hapo, chini ya mti ambao kwa wakati huo ulikuwa umeshazeeka pamoja naye. Asiyezikwa kwenye kitovu chake, walisema, hutangatanga milele akigonga milango ya watu kuulizia njia. Mti wa Sekivunge ulikuwa mringaringa, na ulipotoa maua meupe ulionekana hata kutoka huku bondeni. Nakijwa hakuzaliwa kilimani. Aliolewa akitoka ng'ambo ya mto. Lakini siku ile walipohamishwa, akiwa amebanwa nyuma ya lori na kuku miguuni, alimwahidi mumewe kwamba siku yake ikifika atamrudisha juu. Sasa siku ilikuwa imefika na kupita, na mzee alikuwa anaisubiri ahadi kwa pumzi za kuazima.

Mila hiyo ilikuwa na nusu yake ya pili, na nusu hiyo ndiyo iliyowaponza. Mtu wa Ng'anda hathubutu kusema kilima ni chake. Ni mwiko mkubwa. Kudai ardhi iliyomeza kitovu chako ni sawa na mtoto kudai kwamba yeye ndiye aliyemzaa mama yake. Ukiulizwa, unainamisha kichwa na kujibu: kilima si changu, mimi ndiye wa kilima.

*

Historia ya kilima hicho ni ya kupendeza, na Wizara imeisafisha mara kadhaa ili ipendeze zaidi.

Mwanzoni wenyeji walikilima kwa matuta ya mawe, wakachimba mifereji ya kuteremsha maji, wakapanda maharage na ulezi, na chini ya migomba wakaweka kahawa. Wakaja wageni wenye kaptula na kofia ngumu, wakasema mbuzi wanakula mandhari. Mbuzi wakateremshwa. Badala yake wageni walipanda mikaratusi, miti mirefu yenye kiu, na kabla haijafika kimo cha nyumba ilikuwa imeshakunywa chemchemi tatu na nusu. Walipoondoka, ilikuja Serikali ya Damu Yetu Wenyewe, ikawaagiza watu wabomoe matuta kwa kuwa yalikuwa ya kizamani. Udongo uliposhuka wote mtoni, iliwaagiza wajenge matuta kwa kuwa ni ya kisasa.

Kisha Wizara ya Milima ikahitaji jengo. Ilihitaji jengo refu, lenye hadhi ya milima, na jengo refu linataka kokoto. Wakalipua ubavu mzima wa Ng'anda kwa baruti, wakausaga, wakaupakia. Jengo lilipokamilika, Waziri alipanda hadi ghorofa ya juu kabisa akatazama kwa darubini, na kwa masikitiko makubwa akaona kwamba kilima cha Ng'anda kimepungua. Akaunda tume ichunguze nani amekila. Tume ilikaa hotelini msimu mzima wa mvua, ikagundua kwamba kilima kimeliwa na jembe la mkono.

Tume hiyo ndiyo iliyopanda kuwauliza wenyeji kilima ni cha nani. Wenyeji walimtoa Sekivunge awasemee, maana alikuwa hodari wa maneno na bado alikuwa na meno. Alivua kofia. Akainama kama alivyofundishwa na babu yake, akawaambia wakubwa wale kwa adabu zote kwamba kilima si chao, wao ndio wa kilima. Wazee waliokaa nyuma yake walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakiona kijana amejibu vizuri sana. Mwenyekiti wa tume naye aliridhika sana. Alimshika mkono akamshukuru kwa uaminifu wake.

Kabla ya mavuno walikuwa wote kwenye malori. Kilima kikawa Hifadhi ya Asili Isiyowahi Kuguswa, na shimo la kokoto likaitwa Korongo la Asili. Sheria ikapitishwa kwamba unyayo wa binadamu usikanyage tena Ng'anda. Magari yaliruhusiwa, kwa sababu gari halina unyayo, na watumishi wa Wizara pia, kwa sababu buti la Serikali si unyayo. Na kileleni ilipojengwa hoteli, ilitandikwa mazulia kila mahali, hadi vichochoroni, ili wageni wasije wakavunja sheria bila kujua.

*

Mhifadhi Mkuu wa Ng'anda aliitwa Bwana Hepelwa, na kwa kweli alikuwa mtu mwenye huruma. Machozi yalikuwa karibu. Aliweza kumlilia ndege aliyegonga kioo cha gari lake mpaka dereva akaegesha pembeni. Alimpokea Nakijwa vizuri, akampa kiti na maji ya chupa, akamsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa pembe za macho.

Nakijwa alisema hakuja kuomba ardhi. Aliomba ampandishe mgonjwa wake, na mgonjwa akishamaliza, amzike chini ya mringaringa wake, basi, ateremke zake.

"Mama yangu, unyayo," alisema Bwana Hepelwa kwa uchungu.

Nakijwa alisema mzee hana unyayo tena, atabebwa. Mhifadhi akauliza na huyo mbebaji je, anaelea? Halafu, akaongeza kwa upole, kuzika ni kuchimba, na kuchimba ni kilimo. Kilimo ndicho kilichokimaliza kilima hiki. Aliyasema hayo akiwa amelipa mgongo dirisha, na dirishani lilionekana Korongo la Asili, lenye kutosha kuzikia wilaya nzima.

 Mama wa watu alikaa na chupa yake ya maji, na kwa kuwa hakuwa na la kwake la kusema tena, alisema la mumewe.

"Baba, yule mzee hakidai kilima. Kilima ndicho kinachomdai. Yule ni wa kilima, kama walivyo hawa pimbi wenu na nyani wenu."

Bwana Hepelwa aliacha kupangusa macho. "Rudia hapo, mama."

Nakijwa alirudia. Naye hakujua, maskini, kwamba alikuwa anaitibu shida ya mwingine. Hifadhi ya Ng'anda ilikuwa haina wanyama. Paa wote na swala wote waliliwa kwenye karamu ya uzinduzi wa hoteli, ili wageni mashuhuri wauonje uhifadhi kwa ulimi wao wenyewe. Waliobaki ni pimbi, na nyani mmoja mwenye haya ambaye akisikia gari hujificha. Wageni walikuwa wanalalamika. Na sheria, ambayo Bwana Hepelwa aliijua kwa moyo kuliko sala zake, ilisema kwamba kiumbe yeyote wa kilima atakayekutwa nje ya kilima arejeshwe haraka iwezekanavyo.

Waliitwa mashahidi. Bwana Hepelwa alimuuliza Nakijwa mbele yao kama anathibitisha kwamba mume wake ni kiumbe wa kilima, na si binadamu kwa maana ya sheria. Nakijwa aliuliza swali moja tu, kama mzee ataufikia mringaringa wake. Akajibiwa atakwenda popote apendapo, kwa kuwa atakuwa huru, na uhuru ndio msingi wa porini. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijisemea Nakijwa, akathibitisha. Bwana Hepelwa alilia kidogo kwa furaha.

Nyumbani alidhani mzee atakasirika. Sekivunge alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mama Ngeti," alisema alipopata pumzi, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "hata wakinifanya nguchiro. Mradi nipande."

*

Sherehe ya kumrejesha Mzee Sekivunge porini ilifana sana. Palikuwa na turubai, viti vya kitambaa, na kwaya ya shule iliyoimba wimbo kuhusu vifaru, kwa kuwa wimbo kuhusu wazee haukuwepo. Daktari wa mifugo alimdunga mzee chanjo ya kichaa cha mbwa, akamtazama meno, akamvalisha shingoni mkanda wa ngozi wenye chombo kidogo cha kutoa taarifa alipo. Kisha aliingizwa kwenye tundu la mbao lililotandikwa nyasi. Kupitia mbao alikuwa anatabasamu, maana kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe lori lilikuwa limeelekea juu.

Waziri mwenyewe alifika, Mheshimiwa Balozi Mhandisi Daktari Lutindi, mtu mnene wa sauti. Alizungumza mpaka kivuli cha turubai kikahama.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wenye midomo wanaodai kwamba Serikali yetu haina utu. Leo ninawauliza mbele ya kiumbe huyu: utu ungemsaidia nini?"

Wananchi walipiga makofi, kama walivyofanyishwa mazoezi. Lori likaanza kupanda. Nakijwa alilifuata kwa miguu, amejitwika blanketi la mzee na kigoda chake, mpaka langoni, na langoni akazuiwa na askari aitwaye Mbazi. Huyu alikuwa mtoto wa jirani yake wa kilimani, kitovu chake mwenyewe kilikuwa ndani ya ua ule aliokabidhiwa bunduki aulinde.

"Mama mdogo, nisamehe," alisema Mbazi akiangalia viatu vyake. "Wewe ni mtu."

"Sasa nani atamzika?"

Mbazi alisema kilimani hakuna anayezikwa. Mnyama akifa huachwa alivyo, sheria ya porini ndivyo ilivyo. Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa alichokithibitisha mbele ya mashahidi, akakitua kile kigoda akakikalia, katikati ya barabara, huku magari ya wageni yakimpigia honi.

*

Sekivunge alitimiza yake. Alitoka kwenye tundu kwa tumbo, akajikokota mpaka kwenye mringaringa, akalaza shavu lake kwenye mzizi, akafumba macho afe. Lakini mkanda wa shingoni ulitoa taarifa, na kabla hajafika mbali, daktari wa mifugo alishamfikia kwa gari na kumtundikia chupa ya dawa mtini. Hoteli ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wageni waliokata tiketi wakiwa upande wa pili wa dunia, na haikuwa uungwana kuwafia.

Kuanzia hapo, kila alipokaribia alirudishwa. Alidungwa, akasuguliwa, akamwagiwa maji. Aliwasihi wamwachie aende, na daktari akawaeleza wageni kwamba ule ndio mlio wake wa jioni. Mgeni mmoja, mama mmoja mwema mpenda viumbe, alilalamika kwamba mnyama wa asili amevaa suruali na inaharibu picha. Bwana Hepelwa aliomba radhi kwa niaba ya nchi, na suruali ikavuliwa.

Habari ya suruali ilimfikia Nakijwa kwa mdomo wa Mbazi, na ilimuuma kuliko mengine yote. Angekubali mumewe awe nguchiro, lakini si awe uchi mbele za watu. Alichukua suruali nyingine, akafua, akakunja, akakoroga na uji wa ulezi kwenye kibuyu, akaenda kwenye ua wa waya upande ulio karibu na mringaringa. Akaita. Mzee alimsikia. Alichukua mchana karibu wote kujikokota, lakini alifika, akapitisha mkono kwenye waya akaipokea suruali, na Nakijwa akamnywesha funda kwa funda.

"Walikutendea wema gani hawa, mpaka ukawajibu kwa adabu namna ile?" aliuliza Nakijwa, akikumbuka siku ya tume.

"Sikujua kwamba hawana babu," alisema Sekivunge.

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Nakijwa alikamatwa kibuyu kingali mkononi, kwa kosa la kulisha wanyama pori na kuwazoesha binadamu. Hakimu alimwonea huruma kwa sababu ya umri wake. Hakumfunga. Alimhukumu afagie lango la hifadhi mpaka mwisho wa maisha yake.

*

Mzee alikufa siku ya mvua kubwa, barabara ilipokatika na gari la daktari likakwama matopeni. Mbazi alimkuta chini ya mti, uso kwenye udongo, na maua meupe yamemdondokea mgongoni. Alishuka kumwambia Nakijwa. Nakijwa aliegemea ufagio, akacheka, kisha akalia, kisha akamwuliza Mbazi kama kufunika kwa majani nako ni kilimo. Mbazi aliwaza sana, akasema hajawahi kuisikia sheria hiyo. Alipanda tena akamfunika mzee kwa majani, vizuri, kuanzia miguuni.

Kwa siku chache zile za matope, Nakijwa alifagia lango akiimba. Ahadi yake ilikuwa imetimia, japo kwa njia ya kombokombo, na usiku alilala bila kusikia mtu akigonga mlango.

Kisha jua likatoka, barabara ikakauka. Daktari alipanda, akafukua majani. Mzoga wa kawaida huachwa, alieleza, lakini huyu alikuwa wa pekee wa aina yake, na mzoga wa aina hiyo ni nyara ya Serikali. Walimteremsha. Wakamkausha, wakamjaza pamba, wakamwekea macho ya kioo ya rangi ya asali, wakamsimamisha ndani ya sanduku la kioo pale pale langoni ili mgeni akiingia aanze naye. Walimvika ngozi ya chui na kumshikisha mkuki. Yeye, mkulima wa maharage na kahawa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika kitu chenye ncha zaidi ya kisu cha kumenyea.

Na kioo kile kilikuwa sehemu ya lango, na lango alilifagia Nakijwa. Kila asubuhi alipangusa vumbi mbele ya uso wa mumewe. Mzee alikuwa nje ya ua, hatua chache tu kutoka kilimani, na hakuwa kilimani.

Ndipo Nakijwa alipopata wazo lake la mwisho. Ikiwa mwili umezuiwa kukifuata kitovu, basi kitovu na kiufuate mwili. Alimwomba Mbazi udongo wa chini ya mringaringa. Mbazi alipanda kwenye zamu yake, akarudi na viganja viwili vya udongo ndani ya kiatu, akichechemea ili askari mwenzake adhani ni malengelenge. Nakijwa alifungua mlango mdogo wa kupangusia, akaumimina kwenye miguu ya Sekivunge, akaushindilia kwa kiganja, akasema maneno ambayo watu wa Ng'anda husema kaburini. Aliyajua, ingawa hakuzaliwa huko. Kisha akafunga kioo na kukipangusa mpaka kikang'aa.

Bwana Hepelwa aliuona udongo ule wiki hiyo hiyo, akiwa anawatembeza wageni. Alisimama. Aliinama, akaunusa, akautambua, maana mtu yule alikipenda kilima kweli. Udongo wa hifadhi ulikuwa umetoka nje ya hifadhi. Nakijwa aliinama akingoja pingu, lakini Mhifadhi hakumshtaki mtu. Alichota udongo kwa mikono yake mwenyewe mpaka chembe ya mwisho, akautia ndani ya leso yake nyeupe, machozi yakimtiririka.

Sheria ni sheria, na kiumbe yeyote wa kilima hurejeshwa kilimani. Turubai likafungwa tena. Waziri alikuja, kwaya ikaimba wimbo wake wa vifaru, na leso ile ikapandishwa kwa gari lililofungwa bendera. Chini ya mringaringa wa Sekivunge zulia lilitandikwa, na kwa kibali maalumu cha Wizara kikachimbwa kishimo. Udongo uliteremshwa taratibu. Askari walipiga saluti, Mbazi akiwa mmoja wao, na Waziri akavua kofia, akaomba wote wasimame kimya kwa heshima ya kiumbe aliyerudi nyumbani. Huko chini langoni Nakijwa aliyasikia yote kupitia vipaza sauti.

Gari liliporudi, aliliendea na ufagio wake mkononi. Alimwamkia Bwana Hepelwa, akamwonyesha sanduku la kioo kwa kidevu, kama alivyokuwa akifanya mumewe.

"Na huyu, baba?"

Mhifadhi Mkuu alimtazama mzee wa ngozi ya chui kwa huruma ya kweli.

"Huyu hatuwezi, mama yangu," alisema. "Ameshaguswa na binadamu."

Kisha alimwonyesha alama ya kidole iliyobaki kwenye kioo, na Nakijwa akaipangusa.